Bwana Harusi wa Mstari wa Saba

Mimi ni Kuang Shouren, mwana wa Kuang Yanqing, mjukuu wa Kuang Botao, wa vilima vya Hunan ya kusini. Babu Botao ndiye aliyeitwa majirani walipogombania mipaka ya mashamba, na akishasimika jiwe, hakuna aliyethubutu kulisogeza. Baba yangu Yanqing alishika mizani ya soko la nafaka maisha yake yote ya utu uzima, akafa bila mtu yeyote kudai kwamba alipunjwa. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto wa wakulima kusoma na kuandika hadi mvi zikaniingia, wala sikupata kusimama mbele ya darasa pasipo kufunga vifungo vyote vya koti. Nimetanguliza mambo haya kwa makusudi, ili msomaji afahamu kwamba habari ninayoisimulia, ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni habari ya mkojo, inasimuliwa na mtu anayejiheshimu.

Tulikuwa tukiishi katika vyumba viwili vya kupanga huku Guangdong, nyuma ya kiwanda cha viatu: mwanangu Jinsheng, mpakiaji wa mbao katika ghala la samani, mkewe Xiang Qiulian, aliyepaka gundi soli za viatu hapo kiwandani, na mimi, mpishi wao. Mjukuu wangu Yaqi, mtoto wao, alikuwa shule ya bweni.

Siku Qiulian aliporudi kutoka zahanati aliketi bila kuvua viatu, jambo asilolifanya kamwe.

"Daktari amesemaje?" Jinsheng akauliza.

"Amesema ninywe maji."

"Na kingine?"

"Ni hicho tu."

"Umepanga foleni asubuhi nzima, ukalipa, ili uambiwe unywe maji? Hayo hata mimi ningekuambia bure."

"Na wewe ungeniambia bure kwamba figo yangu moja inaharibika?"

Jinsheng akaweka vijiti vyake mezani. Qiulian akanitazama, uso umemwiva kwa haya. "Baba, uniwie radhi. Haya si maneno ya kusema mbele yako."

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Figo si tusi."

Ndipo akatueleza kwa nini, kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, hakuwa akinywa hata funda la maji tangu alfajiri hadi kengele ya jioni. Mstari wake, Mstari wa Saba, ulikuwa na wanawake zaidi ya thelathini na kibao kimoja chekundu cha plastiki, chenye kamba ya kuvaa shingoni. Asiyekivaa hakuruhusiwa kuondoka kwenye kiti chake hata kama tumbo linamkata. Kiwanda kilikiita Kibali cha Kuacha Nafasi ya Kazi. Wanawake walikiita Bwana Harusi, kwa kuwa kila mmoja alimtaka, na kila alipotakwa alikuwa na mwingine.

"Basi kesho utakunywa," Jinsheng akasema.

"Na nikibanwa?"

"Utaomba hicho kibao."

Qiulian alicheka kicheko kifupi, kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini asiombe mwezi.

*

Kesho yake alikwenda na chupa ya maji, akainywa yote kama dawa. Jua lilipopanda, akanyoosha mkono.

"Bwana Harusi yuko na nani?" akamnong'oneza jirani yake.

"Yuko na Lei."

"Ole wangu."

"Tena ole kweli. Lei akiingia naye, hutoka amezeeka."

Lei alikuwa mwanamke wa Sichuan mwenye mabega mapana na mdomo usio na komeo. Alipotoka, kibao kilichukuliwa na mwingine, na baada ya huyo na mwingine. Nyapara wa mstari, bwana mmoja aliyeitwa Pi, alipita akikagua soli.

"Nyapara, nimebanwa," Qiulian akasema.

"Subiri baada ya chakula."

"Siwezi kusubiri."

"Mbona jana uliweza?"

"Jana sikunywa maji."

"Basi kosa ni lako."

Qiulian alisubiri hadi machozi yakamtoka. Kisha akaweka brashi ya gundi pembeni, akainuka, akaenda. Aliporudi, akamkuta msichana mgeni ameketi kwenye kiti chake na brashi mkononi.

"Umejiondoa," Pi akamwambia.

"Nimekwenda chooni."

"Bila kibao. Anayeondoka bila kibao amejiondoa kazini kwa hiari yake. Soma ukutani pale."

"Lakini mkoba wangu uko hapo chini ya kiti."

"Mkoba haujajiondoa. Uchukue."

Neno hilo, kujiondoa, lilipendwa mno kiwandani. Aliyefukuzwa hulipwa kifuta jasho. Aliyejiondoa hulipwa kwaheri. Kabla ya jioni tangazo lilikuwa limebandikwa getini, kwa hati nzuri, wapita njia walisome: Xiang Qiulian amejiondoa kazini kwa hiari yake. Alirudi nyumbani akaanza kumenya vitunguu saumu ambavyo sikuwa nimemwomba amenye, akavimenya vyote.

"Katika umri wangu nani atanipokea?" akasema. "Viwanda vyote vya hapa vinataka wasichana. Nikipoteza nafasi hii, sina nyingine."

*

Nilivaa koti langu, nikafunga vifungo vyote, nikachomeka kalamu mfukoni, nikaenda kumwona meneja. Niliamini kwamba mtu mzima akizungumza na mtu mzima mwenzake, akimweleza jambo kwa mpangilio, hataacha kuelewa.

Bawabu wa getini alikuwa kijana wa Hunan. Nilimtambua kwa popoo aliyokuwa akitafuna kama watu wa kwetu.

"Unamtaka nani, mzee wangu?"

"Meneja Shang. Mwambie ni Mwalimu Kuang Shouren, mwana wa Kuang Yanqing."

"Huyo Yanqing yuko idara gani?"

"Hayuko idara yoyote. Ni marehemu."

"Basi itakuwa vigumu kumpigia simu."

Akanipa pipa tupu la gundi nilikalie. Meneja alituma neno kwamba yuko kikaoni, ingawa kwa dirisha la ofisi nilimwona vizuri akiwalisha samaki wake wekundu. Nikangoja. Chai niliyokunywa asubuhi nayo ikaanza kudai njia.

"Kijana, choo kiko wapi?"

"Cha hapa getini ni cha wafanyakazi wenye kibao, mzee."

"Na wageni je?"

"Wageni huja wamekwishakwenda."

Niliinuka kwa utulivu wote uliobaki mwilini, nikavuka barabara hadi kwa muuza tambi. Choo chake kilikuwa cha wateja peke yao. Nikaagiza bakuli la tambi nisizozihitaji, kwa yuani nane, nikaenda nilikotaka kwenda, nikarudi, nikazila zote, maana baba yangu hakuacha chakula kwenye bakuli.

Niliporejea getini, bawabu alinitazama kwa huruma.

"Meneja alishuka kukuona, mzee. Hakukukuta."

"Mwambie nimerudi."

"Amekwishaondoka. Amesema umejiondoa."

*

Jumapili Lei alikuja kutuletea kikombe cha Qiulian kilichosahaulika kiwandani. Joto lilikuwa kali, na sufuria ya supu ya choroko ilikuwa mezani. Kila majira ya joto mwenye nyumba huwapikia watu wake supu hiyo ili kupoza mwili, na viwanda vyenye haya huwapelekea wafanyakazi wao ndoo nzima. Kiwanda hiki kilikuwa kimebandika picha ya bakuli la supu ukutani, mahali ambapo wakaguzi wangeiona.

Lei alikunywa bakuli moja, akanywa la pili, akaomba choo. Akarudi, akaanza kumsengenya Pi, akaomba choo tena.

"Mwalimu," akasema aliporudi, "humu umetia nini?"

"Choroko, shayiri, na ndevu za mahindi. Ni kwa ajili ya figo za Qiulian."

"Hii si supu, hii ni nyapara. Inakuamuru inuka, unainuka." Akaitazama sufuria kama msichana anavyomtazama mchumba. "Mwalimu, una sufuria kubwa kuliko hii?"

"Jirani anayepika mikate ya mvuke anayo."

"Alhamisi wanunuzi wanakuja kutoka ng'ambo. Watapitishwa mstari kwa mstari."

Jinsheng aliruka kitini. "Dada Lei, usituletee balaa. Mke wangu amekwishapoteza kazi."

"Ndiyo maana, shemeji. Kazi aliyokwisha kuipoteza, ataipoteza mara ngapi?"

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi nitakuwa nimebanwa tu. Kubanwa ni kosa? Sisi ni watu wa taratibu. Kibao kimoja, mtu mmoja. Wengine tutapanga foleni kwa adabu na kungoja zamu."

Qiulian aliinamisha kichwa. "Baba, watu watasema nini? Mwalimu Kuang, mwana wa Yanqing, anawapikia wanawake thelathini supu ya kukojoa?"

Nilifikiri kidogo. "Babu yangu alisimika mawe ya mipaka," nikamwambia. "Hapa pia pana mpaka, na wameuvuka. Nitapika. Lakini sitasema uongo. Akiniuliza mtu kilichomo, nitamtajia kimoja kimoja."

"Na akiuliza ni ya nini?" Lei akauliza.

"Ni ya kupoza joto."

"Mwalimu," Lei akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "ungenifundisha wewe, ningemaliza shule."

*

Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, tuliifikisha sufuria getini kwa mkokoteni, mimi na Qiulian. Bawabu akafunua kifuniko.

"Nini hiki, mzee wangu?"

"Supu ya choroko ya Mstari wa Saba. Mkwe wangu anawaaga wenzake."

"Mna nini ndani?"

"Choroko, shayiri, sukari na ndevu za mahindi."

"Kama ya mama!" akasema, akatema popoo. "Na mimi je?"

"Na wewe."

Alikunywa mabakuli matatu, maskini, kwa kumkumbuka mama yake. Kwa hiyo jua lilipopanda, tukiwa bado tunangoja sufuria ya watu irudishwe, tulimwona akiruka kwa mguu mmoja, kisha mwingine, kisha akitimua mbio kuelekea kwa muuza tambi. Geti likabaki wazi, halina mtu. Qiulian akanitazama. Nikafunga kifungo cha juu cha koti, tukaingia.

Tuliposimama mlangoni mwa jengo, Lei alikuwa amekwishaingia chooni na Bwana Harusi, naye hakuwa na haraka ya kumrudisha. Wanawake wa Mstari wa Saba walikuwa wamesimama kando ya mkanda unaobeba viatu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa adabu kamili, miguu imebanwa. Mkanda uliendelea kwenda. Viatu vilipita bila gundi, bila soli, vikafika mwisho, vikaanguka sakafuni, kimoja juu ya kingine.

"Kaeni!" Pi alikuwa akipiga kelele. "Nimesema kaeni!"

"Nikikaa, Nyapara, utatafuta mtumbwi."

"Mmekula nini nyinyi?"

"Tumekunywa supu. Ile iliyo kwenye picha ukutani."

"Kaeni, mtakwenda baada ya chakula!"

"Baada ya chakula nitakuwa nimekwenda hapa hapa, na wewe utakuwa umesimama karibu."

Wakati huohuo mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, wakaingia wanunuzi, bwana mmoja mnene na mabibi wawili, pamoja na mkalimani. Wakasimama. Mbele yao wanawake thelathini na kitu walikuwa wakiyumba, wakichuchumaa nusu na kuinuka, wakirukaruka kwa vidole vya miguu.

"Wageni wanauliza hawa wanafanya nini," mkalimani akasema.

Jasho lilimtiririka Pi hadi kidevuni. "Mazoezi ya viungo," akajibu. "Kiwanda chetu kinajali afya ya wafanyakazi."

Mkalimani akawafasiria. Bwana mnene alifurahi mno, akavua koti, akajiunga na mwisho wa foleni na kuanza kurukaruka pamoja nao. Mabibi wakapiga picha. Wanawake wetu, ambao sasa walikuwa wamekatazwa na maumbile kucheka, waliuma midomo, na mmoja akamsihi mwenzake kwa machozi, "Usinitazame, dada, usinitazame, ukinitazama nimekwisha."

Meneja Shang akaingia akitabasamu, akaona mkanda, akaona lundo la viatu, tabasamu likamganda usoni. Hapo ndipo Lei alipotoka, taratibu kama anayetoka saluni, kibao kikining'inia kifuani.

"Samahani kwa kuwaweka," akasema. "Zamu ya nani?"

"Yangu!" wakajibu wote.

Shang akamsogelea, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Waambie waende. Wote. Sasa hivi."

"Bila kibao, Meneja?"

"Bila kibao!"

Hakuna aliyetoka. Nimefundisha maisha yangu yote, sijapata kuona darasa lenye nidhamu kama lile.

"Imeandikwa ukutani," Lei akasema, "kwamba anayeondoka bila kibao amejiondoa kazini kwa hiari yake. Sasa sisi tukijiondoa wote, viatu vya wageni atavipaka gundi nani? Wewe na Pi?"

"Hamjajiondoa! Mimi ndiye ninayesema!"

"Basi na Qiulian hakujiondoa."

Shang akawatazama wageni, akatazama mkanda. Qiulian akatoka nyuma yangu. Huyu ni mwanamke ambaye tangu aolewe sikupata kumsikia akiinua sauti, wala hakuiinua hata hapo.

"Meneja," akasema, "mimi nilikwenda chooni. Sikwenda kwingine."

Katika ukimya ule tukasikia maji. Yalitoka kwa Mama Ning, mkubwa kwao wote, mwanamke mwenye wajukuu kijijini, aliyesimama katikati ya foleni. Hakupiga kelele. Alijishika ukingo wa mkanda, akatazama sakafu, na maji yakaenea chini ya viatu vyake hadi kwenye lundo la viatu vipya. Mzaha wote ukakoma. Bwana mnene aliacha kuruka, akajua, bila mkalimani, kwamba hayakuwa mazoezi. Qiulian akaenda kwake, akavua shati lake la juu, akabaki na fulana mbele ya wanaume wale, akamfunga nalo Mama Ning kiunoni kama kanga. Nami nikavua koti langu kumfunika Qiulian. Ndiyo siku niliyosimama hadharani bila koti.

"Qiulian arudi," Shang akasema, sauti imemkauka. "Kesho. Nendeni. Nawaomba, nendeni."

Ndipo wakakimbia.

*

Kesho yake Jinsheng alinisomea tangazo jipya la getini, lenye hati nzuri ileile: Xiang Qiulian amejirudisha kazini kwa hiari yake. Kiwanda hakikuweza, hata kwa dawa, kutamka kwamba kilifanya kitu. Kila mstari ulipewa vibao vitatu badala ya kimoja, na wanawake wakasema kwamba sasa wana waume watatu na bado hawaonekani. Picha ya supu ilibanduliwa ikaletwa ndoo ya supu, nyepesi hivi kwamba choroko uliweza kuziita kwa majina. Lei alihamishiwa ghala la maboksi, kusiko na dirisha, lakini huko choo kiko mlangoni, naye anasema hajawahi kupandishwa cheo kikubwa namna hiyo. Bawabu bado hupokea salamu zangu, ila supu yangu haigusi.

Mama Ning hakurudi. Wenzake walimfuata bwenini kumsihi, wakakuta amefunga mzigo wake. "Siwezi kupita pale tena," aliwaambia. Alipanda gari la kwao peke yake. Katika miaka yote ya kiwanda kile, yeye ndiye niliyemjua aliyejiondoa kwa kweli, na yeye ndiye ambaye hakuna aliyembandikia tangazo.

Haya nayaandika kwa ajili yako, Yaqi, na wenzako wote wa rika lako. Wewe sasa umeajiriwa katika kiwanda cha simu, chenye sakafu inayong'aa na kibao cha kielektroniki. Juzi, mbele ya bakuli langu la supu, ulijisifu kwamba waweza kukaa kutwa nzima bila tone la maji, na kwamba nyapara wako alikupongeza mbele ya wenzako. Mama yako aliondoka mezani. Ulidhani anakwenda kuosha vyombo.

Wewe ni mwana wa Jinsheng na Qiulian, mjukuu wa Shouren, kitukuu wa Yanqing aliyeshika mizani, kilembwe wa Botao aliyesimika mawe. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba ruhusa ya kuwa na kibofu. Nakutaka, wala sikuombi, uache ujinga huo. Beba chupa yako kila asubuhi, na uirudishe tupu. Ukibanwa, inuka. Wakikuambia umejiondoa, waambie ulikwenda chooni, hukwenda kwingine, na useme hivyo pamoja na wenzako walio kando yako, kabla aliye mzee kuliko wote hajasimama katikati yenu akitazama sakafu.

Supu iko mezani. Keti, unywe, nami nikuone.